Vakansi na watoto kwenye ferme ya ng'ombe: kando ya Lubumbashi, Kundelungu au Zambia?

Mtoto wa Lubumbashi anaijua harufu ya michopo, ile nyama choma ya kando ya njia, kabla hajaijua harufu ya zizi. Maziwa yake yanatoka kwenye kopo la unga, nyama inatoka kwenye friza ya duka, na ng'ombe aliye hai anamwona mara moja moja tu juu ya lori lililokwama kwenye foleni ya peaji, pale pa kulipia barabara, pembe zimetokeza kati ya mbao. Mzazi anayetaka kuwapeleka wanawe kwenye ferme ya ng'ombe wakati wa vakansi ana wazo zuri. Kinachomsumbua ni wapi.

Ukikaa Lubumbashi una njia tatu. Ya kwanza ni ferme za kando ya mji, kwenye barabara ya Kasumbalesa, ya Kipushi au ya Likasi, mwendo wa saa moja au mbili. Ya pili ni ferme kubwa za nyanda za juu, Kundelungu na Biano, ambako makampuni ya wakati wa ukoloni yaliweka makundi makubwa ya ng'ombe na ambako ufugaji haujafa mpaka leo. Ya tatu ni kuvuka mpaka kuingia Zambia, ambako kupokea familia kwenye ferme ni biashara iliyozoeleka.

Natanguliza msimamo wangu ili usisome ukiutafuta. Familia yenye watoto chini ya miaka kumi ichague ferme ya karibu, ilale usiku mmoja au miwili, na ihakikishe kwamba ng'ombe pale wana kazi na watoto wataruhusiwa kuikaribia. Kundelungu na Biano ni kwa wenye watoto wakubwa, gari imara na uvumilivu. Zambia ni kwa wazazi ambao nao wanataka kupumzika. Sababu zangu ziko hapa chini, na unaweza kuzipinga.

Hapo ng'ombe wana kazi gani?

Usianze kulinganisha vyumba wala bwawa la kuogelea. Anza na kazi. Ferme ya kweli ina ratiba inayoendeshwa na ng'ombe: alfajiri kukamua, kisha kuwatoa malishoni, siku ya josho (kuwaogesha kwa dawa ya kupe), siku ya kupima uzito, siku ya chanjo, siku ya kuwatia ndama alama. Mgeni anaingia katika ratiba hiyo na kuifuata. Ferme ya mapambo hufanya kinyume: ratiba ni ya mgeni, na ng'ombe wawili wamefungwa karibu na payoti, kibanda cha nyasi cha wageni, wapigwe picha huku watu wazima wakinywa bia. Sina ugomvi na bia, ila hiyo si safari ninayoizungumzia hapa.

Wamarekani wameishi na tofauti hii zaidi ya karne nzima. Ndugu wa ukoo wa Eaton, waliohamia Wolf, Wyoming mwaka 1904, walikuwa wameshaanza kupokea wageni wa kulipa tangu walipokuwa Dakota, na mwaka 1926 wenye ranchi za aina hiyo wakaunda chama chao. Kule ziko ranchi za wageni, ambako farasi na burudani ndiyo biashara, na ziko ranchi za kazi, ambako ng'ombe ndiye anayelipa mishahara na mgeni ni nyongeza tu. Nayataja haya kwa sababu watoto wetu wameshaziona kwenye simu, pamoja na kofia na kamba za kurusha. Waambie mapema: kwetu mchungaji anatembea kwa miguu, ana fimbo na buti za mpira, na akiwa na haraka anapanda pikipiki. Mtoto aliyeahidiwa farasi atalia getini.

Kwa kipimo cha kazi, nyanda za juu zinaongoza bila ubishi. Kuna sababu ya ng'ombe wengi wa Katanga kuwekwa kule. Mabonde ya chini yenye miti mingi yalikuwa ya mbung'o, na mbung'o akimwambukiza ng'ombe nagana, mnyama anakonda mpaka anakufa. Juu kwenye majani matupu na upepo wa baridi, mbung'o hapati maficho. Ndiyo maana ukipanda Kundelungu au Biano unakuta majani hadi upeo wa macho, na kundi moja linaweza kuwa na ng'ombe wengi kuliko utakaowaona mwaka mzima mjini. Mtoto mkubwa akiona kundi kama hilo linasukumwa kuingia kwenye uchochoro wa josho, ng'ombe mmoja mmoja akiruka ndani ya maji ya dawa, anazama hadi pembe, anaogelea, kisha anatoka upande wa pili akitiririka kwenye sakafu ya saruji inayorudisha dawa kwenye shimo, hatakuuliza tena mbona hakuna wai-fai.

Ila kundi kubwa lina ubaya wake kwa mtoto mdogo. Ng'ombe wa nyama hawajazoea kuguswa. Wanaangaliwa kutoka nyuma ya uzio, na wachungaji wana kazi nyingi kiasi cha kukosa muda wa kumshika mtoto mkono. Baada ya saa moja mtoto wa miaka sita ameshachoka, na bado kuna siku tatu mbele.

Hapo ndipo ferme ndogo ya karibu inapopata alama. Ng'ombe wa maziwa kumi au ishirini, kila mmoja ana jina, na mkamuaji anawajua tabia zao. Anafunga miguu ya nyuma kwa kamba, anamwachia ndama anyonye kidogo ili maziwa yashuke, anamvuta ndama na kumfunga karibu na kichwa cha mama yake ili mama amlambe na kutulia. Kisha anachuchumaa. Maziwa ya kwanza yanalia kwenye ndoo tupu, halafu povu linapopanda mlio unazimika. Mtoto amesogea bila kujua na anapita nyuma ya ng'ombe. "Mutoto, kuya huku," mzee anamwambia bila kugeuka, "usipite ku nyuma yake." Sentensi moja, na mtoto amejifunza jambo ambalo wewe ungelisema mara ishirini. Baadaye atapewa chuchu moja ajaribu, atakamua matone mawili, na hadithi hiyo itasimuliwa shuleni muhula mzima.

Zambia iko katikati, na inategemea unakwenda wapi. Chimfunshi, karibu kilomita 65 kutoka Chingola upande wa barabara ya Solwezi, lilikuwa shamba la ng'ombe la David na Sheila Siddle. Mwaka 1983 waliletewa sokwe mchanga aliyejeruhiwa, aliyenyang'anywa wafanyabiashara haramu, wakamtibu, wakampa jina la Pal. Baada ya huyo waliletwa wengine, na leo kituo kina sokwe zaidi ya 100 kwenye maeneo makubwa yaliyozungushiwa uzio. Ni mahali pa kupendeza, ila mtoto akirudi atasimulia sokwe, si ng'ombe. Na kwa sokwe, Lubumbashi kwenyewe tunacho kituo cha J.A.C.K., kilichoanza mwaka 2006. Ukitaka ferme inayolima, inayofuga na inayouza nyama yake yenyewe huku ikipokea familia, Fringilla iliyo Chisamba, kaskazini ya Lusaka, iko karibu zaidi na unachokitafuta. Ubaya wake ni kilomita, na nitazifikia.

Msimu unabadilisha kila kitu

Watu wengi hupanga safari kwa kuangalia kalenda ya shule tu. Vakansi kubwa ni Julai na Agosti, kwa hiyo wanakwenda Julai na Agosti. Kwa barabara, wako sahihi: mvua hakuna, tope hakuna, mbu wamepungua. Kwa ng'ombe, wamekuja wakati usio mzuri sana. Majani yameshakauka tangu Mei au Juni, maziwa yamepungua, na kupe wakiwa wachache hata siku za josho zinakuwa chache. Agosti ikifika, moto wa nyika umeanza, na macho ya watoto yanawasha kwa moshi. Usiku wa Juni na Julai juu ya Kundelungu au Biano ni baridi inayouma mifupa. Blanketi moja la hapa mjini halitoshi, na mtoto mwenye kikohozi afadhali abaki.

Vakansi ya Noeli na ile ya Pasaka ni hadithi nyingine. Mvua imenyesha, majani ni mabichi, ndama wanaruka, maziwa yanajaa ndoo, na josho ni karibu kila wiki kwa sababu kupe wamezaliwa upya. Ukitumia barabara ya Likasi kipindi hicho, akina mama wamejipanga kando ya njia na mabeseni ya uyoga. Hiyo peke yake inafaa safari. Shida ni kwamba wakati huo njia za vumbi zinageuka matope, kwa hiyo nyanda za juu zinajifunga zenyewe kwa mtu asiye na gari la kazi na dereva anayeijua njia.

Matokeo yake ni kwamba msimu unachagua kabla yako. Julai na Agosti, Kundelungu na Biano zinawezekana, na ferme ya karibu itakuwa na maziwa kidogo. Desemba na Aprili, ferme ya karibu iko katika ubora wake, na ya juu uisahau. Zambia inaruhusu wakati wote kwa kuwa lami inafika mpaka karibu na mlango, ingawa Chimfunshi ina kipande cha njia ya vumbi mwishoni.

Ukiwa na kijana mwenye hamu ya Lofoi, ile poromoko la maji la Kundelungu lenye zaidi ya mita 300, kumbuka jambo hilohilo: linapendeza zaidi mvua zikiwa zimetoka kuisha, na kadiri kiangazi kinavyosonga linakonda hadi kuwa uzi. Mbuga ya Kundelungu ilianzishwa mwaka 1970 na kuingia kunahitaji ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia mbuga. Usidhani kwamba ruhusa ya mwenye ferme inafungua na mbuga.

Njia

Ferme ya karibu: lami, kisha kilomita chache za vumbi. Mnatoka asubuhi baada ya chai, mnafika kabla ya jua kali. Kero pekee ni malori. Barabara ya Kasumbalesa inabeba shaba ya jimbo zima ikitoka na mafuta na mahindi yakiingia, na ukikutana na msururu uliosimama unaweza kupoteza nusu siku kwa kilomita tisini na kitu. Mimi ningechagua ferme ambayo njia yake inachepuka kabla ya foleni kuanza.

Nyanda za juu ni safari ya namna nyingine kabisa. Gari lenye magurudumu manne ya kuvuta, matairi mawili ya akiba, mafuta kwenye bidoni, maji, mkate, na mtu anayeijua njia. Simu itakosa mtandao mapema kuliko ulivyodhani. Na kabla ya hayo yote, ulizia usalama. Miaka ya 2010 eneo la Pweto, Manono na Mitwaba lilisumbuliwa sana na wanamgambo, kiasi cha kuitwa pembetatu ya kifo, na Kundelungu na mbuga ya Upemba si mbali na huko. Hali hubadilika. Aliyepita wiki hii ndiye wa kumsikiliza, si aliyepita mwaka jana. Mwenye ferme ambaye ana watu na ng'ombe kule atakwambia ukweli, maana hasara ni yake.

Zambia ina kituo kimoja kinachochosha: Kasumbalesa, mpakani. Kila mtu katika gari, pamoja na mtoto wa mgongoni, awe na hati yake ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mzazi mmoja akisafiri na watoto bila mwenzake, achukue barua ya idhini iliyosainiwa na kugongwa muhuri, kwa sababu swali hilo litaulizwa. Gari nalo lina makaratasi yake: bima inayokubalika ng'ambo, yaani ile kadi ya njano ya COMESA, kodi ya moshi kwa magari ya kigeni, kisha peaji za Zambia njiani. Ukishatoka hapo, unabadili upande wa barabara. Sisi tunaendesha kulia, wao kushoto, na dereva mwenye usukani wa kushoto anapotaka kulipita lori hana macho. Mweke mtu mzima pembeni yake, si mtoto.

Hadi Chingola si mbali. Hadi Chisamba ni habari nyingine: unapita Kitwe, Ndola, Kapiri Mposhi na Kabwe, na penye ujenzi wa kupanua barabara ya Ndola hadi Lusaka utakuta michepuko na vumbi. Kwa watoto wadogo ni siku nzima ndani ya gari. Familia inayoamua kwenda huko ilale njiani Ndola au Kapiri, la sivyo siku ya kwanza ya vakansi itakuwa ya kutapika na kugombana.

Kulala na kula

Hapa Zambia inashinda, na haihitaji maelezo mengi. Chumba kina kitanda, maji ya moto, chandarua, na mtu wa kumlalamikia. Chakula kina saa zake. Baba na mama wanaweza kukaa barazani watoto wakicheza.

Nyanda za juu unalala katika nyumba ya wageni ya ferme, kama ipo na kama mmekubaliana, au kwenye hema. Unapika mwenyewe au unaleta mpishi. Unga, mafuta, chumvi, makala ya kupikia, sabuni, taa, vyote unabeba. Nyama utapata kama wamechinja, na hawachinji kwa ajili yako.

Ferme za karibu hutofautiana mno. Nyingine zina vyumba vizuri kuliko hoteli ya mjini, nyingine zina godoro sakafuni na choo cha nje. Usitegemee picha. Omba kwenda kuona Jumapili moja kabla ya kulipa, maana ndiyo faida ya kuwa karibu. Kwa chakula sina wasiwasi nazo: bukari (ugali) ya moto, sombe, kuku wa hapohapo, na maziwa yaliyoganda kwa anayeyapenda. Mtoto anayekataa bukari nyumbani huila huko, sijui kwa nini.

Afya na hatari, hapa tusiharakishe

Ferme tatu zote ni sawa kwa jambo moja: maziwa yachemshwe. Nasema hivyo nikijua kwamba kuna babu atakayemwambia mtoto anywe yakiwa ya moto kutoka kwenye chuchu, kwamba yeye amekunywa hivyo tangu utoto. Mpe heshima yake babu, kisha chemsha. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela, inayoleta homa ya kwenda na kurudi na maumivu ya viungo kwa miezi, na yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Yakichemka na kupanda, hatari imeondoka. Kwenye lodji za Zambia ulizia kama maziwa ya mezani yamepikwa kiwandani au ni ya zizini. Huko pia jibu linaweza kukushangaza.

Ng'ombe akizaa, watoto waangalie kwa mbali. Ni jambo la ajabu kuliona, ila kondo la nyuma na majimaji yake yasiguswe na mikono mitupu, tena mama mjamzito akae mbali kabisa, kwa sababu ya brusela hiyohiyo. Ng'ombe aliyetoka kuzaa anaweza kuwa mkali kama dume. Ng'ombe mpole wa jana anaweza kumrukia mtoto leo kwa kuwa amemsogelea ndama.

Dume lenyewe lisiwe na mjadala: hakuna mtoto anayeingia lilipo, hata mwenye ferme akisema ni mpole kama kondoo.

Dawa ya josho ni sumu. Inafaa kwa kupe na haifai kwa binadamu. Mtoto asiegemee ukuta wa shimo, asinawe maji yake, na siku ya josho asimame upande ambao upepo hauleti matone. Kwenye ferme kubwa shimo ni refu kuliko mtu mzima. Kwenye ferme ndogo wengi wanatumia pampu ya mgongoni, na hapo hatari ni dawa kupuliziwa usoni. Jioni, vua watoto nguo na uwakague kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, katikati ya vidole. Kupe wa msimu wa mvua ni wadogo kama mbegu ya ufuta na mtoto hahisi wanapomuuma.

Nyama nayo. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe haliwi, hata kama wachungaji wanamchuna wakiona ni hasara kumtupa. Mwaka 2023 Zambia ilipata mlipuko wa kimeta Jimbo la Kusini, na watu waliugua baada ya kugusa na kula nyama ya wanyama wa aina hiyo. Chisamba haiko jimbo hilo, lakini kanuni ni ileile popote. Na msinunue nyama mbichi wala maziwa ng'ambo mkidhani mtavuka nayo Kasumbalesa kwa urahisi. Mizigo hiyo ina sheria zake za mifugo, na forodhani ndipo utakapozijua.

Ukilinganisha umbali wa hospitali, mpangilio unageuka. Karibu na mji unarudi Lubumbashi ndani ya saa moja au mbili. Zambia una hospitali Chingola, Kitwe, Ndola. Kundelungu na Biano una ulichobeba kwenye sanduku. Mtoto mwenye pumu, au mwenye damu ya SS (selimundu), nisingempeleka juu, tena baridi yenyewe inaweza kumletea maumivu.

Pesa

Sitaandika bei, maana zinabadilika kabla hujamaliza kusoma. Lakini angalia pesa zinakwenda wapi. Karibu na mji unalipa kwa kichwa na kwa usiku, na mara nyingi unaweza kupatana. Nyanda za juu, kitanda kinaweza kuwa rahisi au bure kama unamfahamu mwenye ferme, lakini gari, mafuta na dereva ndivyo vinavyokula mfuko. Familia mbili zikigawana gari inakuwa nafuu. Zambia pesa zinaanza kutoka mpakani kabla hujaona ng'ombe hata mmoja, na huko unalipa kwa kwacha. Badilisha penye leseni, si kwa vijana wanaokimbilia dirisha la gari.

Vipi Masisi? Vipi Kenya?

Mtu akizungumzia ng'ombe Kongo, wengi wanawaza Masisi, kule Kivu ya Kaskazini, si Katanga, na wana haki. Vilima vya Masisi vyenye majani ya kijani mwaka mzima ndivyo vinavyotoa ile jibini ya magurudumu ya manjano inayouzwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa. Kwa uzuri wa mahali, Kundelungu haifiki hata nusu. Lakini waasi wa M23 waliingia Goma Januari 2025, na kabla ya hapo vita vilikuwa vimeshawahamisha wafugaji wa Masisi na kumaliza makundi ya ng'ombe wao. Si mahali pa kupeleka watoto vakansi wakati wenyeji wake wengi wametawanywa na vita. Mtu wa Goma au Bukavu anayesoma haya anajua zaidi yangu.

Kwa mwenye uwezo wa tiketi za ndege, kuna Kenya. Ol Pejeta, karibu na Nanyuki, inafuga ng'ombe wa aina ya Borana ndani ya eneo lilelile la wanyamapori, na usiku ng'ombe wanalazwa kwenye maboma ya chuma yanayohamishika ili simba wasiwapate. Hapohapo wanaishi Najin na Fatu, faru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki duniani. Watoto wanaojua Kiswahili wataongea na wachungaji moja kwa moja, na watachekana kwa namna kila upande unavyosema. Ni safari nzuri sana, ila kwa bei ya familia nzima kupanda ndege utalala kwenye ferme ya Kipushi kila vakansi mpaka watoto wamalize sekondari.

Simu kabla ya kulipa

Ukishachagua, piga simu na uzungumze na msimamizi wa ferme mwenyewe, si na anayepokea pesa. Muulize wanakamua saa ngapi na kama mtoto anaweza kuwepo. Akijibu "saa yoyote mnayotaka", hiyo ni ferme ya mapambo, ng'ombe hakamuliwi saa yoyote. Muulize ng'ombe ni wangapi na nani atakuwa na watoto wakati wa kazi. Muulize dume linafungwa wapi. Halafu muulize wiki hiyo kuna nini: chanjo, kupima, kukata pembe, kuhasi. Hizo mbili za mwisho zina damu na vilio, kwa hiyo amua wewe kama mtoto wako ni wa kuona. Wa miaka kumi na miwili aliyelelewa akiona kuku wanachinjwa hatashtuka, wa miaka mitano anaweza kukataa nyama mwezi mzima.

Akikuambia josho ni Alhamisi alfajiri, fikeni Jumatano kabla ya giza.